Kisawe Kichanga

Nélida Curruhuinca hatumii nyundo.
Ana sindano ya daktari wa meno, brashi laini,
na redio ndogo inayokoroma habari za upepo:
kilomita tisini kwa saa, Neuquén yote, fungeni madirisha.
Huku chini ya makumbusho hakuna dirisha la kufunga.
Kuna taa, kuna vumbi jekundu,
kuna fuvu alilolivua plasta mwezi Machi
na tangu siku hiyo halimpi usingizi.

Chanzo ni jino.
Mwaka wa ishirini na tatu, karne iliyopita,
Gwilym Pryce, mhandisi, akikata kilima ipite reli,
aliliokota akadhani la mamba.
Padri mmoja wa La Plata alilitazama mchana mmoja,
akaandika nusu ukurasa, akalipa jina:
Rielodon, Jino la Reli.
Kisha akarudi kwa vipepeo wake.

Jino moja, nusu ukurasa, kopo la biskuti.
Usidharau. Katika sheria ya watu hawa
aliyetangulia ndiye mwenye jina,
hata kama aliyefuata alileta mifupa mia
na machozi.

Aliyefuata ni Anselmo Bertolotti, mwaka wa sitini na moja.
Alipata dinosau mzima kasoro mkia,
mwembamba, macho makubwa, miguu ya mbio,
mwindaji asiyepata kuonekana, alisema,
akamwita Delmirasaurus,
kwa binti yake Delmira, mwenye miaka minane,
aliyezikwa kipupwe cha mwaka uliopita
ardhi ikiwa ngumu hata sululu ikaruka.

Sasa Nélida amekata kipande cha paja la Delmirasaurus,
amekisaga mpaka kikapitisha nuru kama ganda la kitunguu,
amehesabu pete za ukuaji. Sita. Labda saba.
Ya mwisho haikufunga: mfupa ulikuwa bado na haraka.
Huyu hakuwa mkubwa mwembamba. Alikuwa mtoto.
Na fuvu la Machi ndilo alilokuwa akilielekea,
na katika taya la fuvu, jino la nne kutoka mbele
lina kikunjo kile kile, msumeno ule ule,
vijino kumi na kimoja kwa kila milimita tano,
sawasawa na lile la kopo.

Mnyama mmoja, majina mawili. Moja lazima lishuke.

Wenzake walimnong'oneza njia ya mkato:
andika kwamba jino moja halitoshi,
liite jina la mashaka, nani atabisha?
Mzee afe na lake mkononi.
Nélida akarudi kuhesabu. Kumi na kimoja.
Akanywa mate baridi ya tangu asubuhi, akahesabu tena.
Namba haina huruma, wala haina inda.

Katika lugha ninayoandikia
mnyama amelala, mfupa umelala.
Sijui ni saa ngapi mtu huvuka
kutoka ngeli hii kwenda ile.
Bertolotti hakuvuka. Miaka sitini amesema: yeye.

Alikuja Jumanne, umri tisini na tatu,
koti la sufu, mkongojo, akakataa lifti.
Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaomba kuziona pete.
Akaweka jicho kwenye hadubini, akakaa.
"Kwa hiyo alikuwa hajakua."
"Bado."
"Na jina?"

Halifutwi, akamweleza. Linashuka chini ya lile la kwanza,
kisawe kichanga, na mwaka wake, na mwandishi wake,
wala hakuna atakayeruhusiwa
kumvika mnyama mwingine jina hilo.
"Na akija mtu na hesabu bora kuliko yangu,
linaweza kupanda tena."

Mzee akatikisa kichwa.
"Usimsumbue. Mwache hapo.
Sasa ana mkubwa juu yake."

Kisha akauliza kama kopo lile bado lipo,
alione jino lililomshinda.
Lilikuwepo. Kutu pembeni, mfuniko mgumu.
Nélida akamfungulia.
Akalinusa kwanza, kabla ya kutazama.